Mwambie chalii wa Chuga kwamba LMFAO ni hip hop

Ukitaka ugomvi wa bure Arusha, yaani Chuga, kaa kijiweni useme albamu ya Sorry for Party Rocking ni hip hop. Ile ya 2011, ya LMFAO, wale jamaa wawili wa afro na suruali za rangi za kuumiza macho. Huku kwetu hip hop ina wenyewe. Mji uliotoa kundi la X Plastaz pale Ngarenaro, ukatoa Nako 2 Nako, ukatoa Weusi, haukubali kirahisi kwamba mtu anayechana kuhusu pombe na kucheza mpaka asubuhi awekwe kapu moja na mchanaji kama Joh Makini.

Mimi namweka. Jumamosi zangu nyingi nakuwa nyuma ya spika, leo sendofu Njiro, wiki ijayo harusi Moshi, na kazi hii ya udijei inakufundisha kusikiliza tofauti na mtu aliyeziba masikio kwenye daladala.

Wanaoipinga wana haki yao. Mistari ni mepesi, hilo halina ubishi. Ukiipima kwa mizani ya Nikki wa Pili hutapata hata mmoja wa kuandika kwenye daftari. Utani mwingi ni wa mwili na ulevi, na kuna ngoma humo siwezi kuipiga mbele ya mama wa bibi harusi hata mkinilipa mara mbili.

Ila sikiliza sauti zimewekwa wapi. Hip hop tuliyokulia inatembea kwenye mapigo 90 hivi kwa dakika, mchanaji ana nafasi ya kupanga vina, kupumua, hata kukutania katikati. Party Rock Anthem, ngoma ya kwenye albamu hiyo, iko kwenye 130. Kwa kasi hiyo ukileta hesabu zako za vina vitatu ndani ya mstari, maneno yanakanyagana na hakuna anayekusikia. Kwa hiyo wanakata. Maneno mafupi, mengi ni ya kukuelekeza ufanye nini. Halafu wanafika pale: besi inaondolewa, sinteza inapanda, inapanda, ngoma inazimwa kabisa, inabaki sentensi moja fupi, kavu, bila muziki wowote chini yake. Kisha kila kitu kinarudi kwa mpigo mmoja.

Ukumbini hicho kipande kina kazi yake. Watu wanakijua, wanakisubiri. Nimewahi kumwona mjomba wa bwana harusi, mtu mzima mwenye suti, kaganda na mfupa wa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hewani anangoja besi irudi. Iliporudi, mfupa ulienda kwenye sahani ya jirani yake.

Kujua lini unyamaze ndiyo kazi ya mshereheshaji, na hip hop ilianzia hapohapo kwa mshereheshaji. Agosti 1973, Bronx, Kool Herc anapiga muziki kwenye pati ya dada yake, anarefusha vipande vya ngoma tupu ili watu wacheze. Pembeni yake Coke La Rock kashika maiki, anataja majina ya washikaji na kuchangamsha ukumbi. Mashairi mazito yalikuja baadaye. Na mashine za umeme nazo hazikuingia juzi: Afrika Bambaataa alijenga ngoma yake ya 1982, Planet Rock, juu ya muziki wa Kraftwerk, kundi la muziki wa umeme la Ujerumani, na 1988 Jungle Brothers wakachana juu ya biti ya hausi ya Todd Terry. Machalii wanaowaheshimu hao wote wakifika 2011 wanafunga mlango. Kwa nini? Nadhani ni zile suruali.

Kingine, hawa si watoto wa kuokota muziki barabarani. Redfoo ni mtoto wa Berry Gordy, yule aliyeanzisha lebo ya muziki ya Motown kule Detroit 1959, na Sky Blu ni mjukuu wake. Yaani kundi lenyewe ni mtu na baba yake mdogo. Ukikulia kwenye ukoo huo unajifunza mapema kwamba ngoma inapimwa kwa miguu ya watu.

Na sisi tunaojifanya walinzi wa mlango tusisahau albamu ya Maasai Hip Hop ya X Plastaz, 2004. Kulikuwa na uimbaji wa Kimaasai juu ya biti, na leo ndiyo fahari ya mji.

Sasa kwa madogo wanaoanza kupiga: kutoka bongofleva ya mapigo 100 kwenda singeli ya 200 ni rahisi, unazidisha mara mbili tu, miguu haijui kama umebadilisha. Kwenda 130 hakuna njia ya mkato hiyo. Tafuta ngoma nzito ya 65, nusu ya 130, au subiri mshereheshaji anapoita watu waje kupokea ndafu, shusha sauti, mwache aongee, anzia hapo upya. Usilazimishe kwa kuvuta spidi, sauti ya muimbaji itakuwa ya katuni na kamati itaanza kukuangalia.

Na kwenye fleshi weka toleo lililosafishwa matusi. Mchungaji hukaa meza ya mbele, upande uleule wa spika.