Nilivyotoa pilipili manga ndani ya chumvi kwa rula

Kosa lilikuwa langu. Jikoni kwetu Chake Chake makopo yote yamefanana, nami kwa pupa nikamimina pilipili manga ya kusaga, ya elfu tano au sita hivi, ndani ya chumvi ya mama. Akaniangalia tu: "Mwanangu, jioni naitaka chumvi yangu nyeupe."

Jirani, fundi wa kila kitu, akanambia nitie maji, pilipili itaelea. Nikajaribu kijiko kimoja. Kweli ikaelea, na chumvi ikayeyuka yote! Mwengine akaleta sumaku ya spika mbovu. Sumaku na pilipili wapi na wapi?

Nikakumbuka mchezo wa skuli, rula ya plastiki kuvuta vikaratasi. Nikaisugua kichwani, nikaipitisha juu ya sinia. Kimya. Nikasugua tena hadi utosi ukawaka. Kimya. Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini: "Kaka, na hayo mafuta ya nazi!" Asubuhi nilijipaka kama bwana harusi. Tena ilikuwa masika, na kwenye unyevu chaji, yaani umeme unaopatikana kwa kusugua, haikai juu ya plastiki, huvuja.

Basi nikaukausha mchanganyiko kikaangoni, moto mdogo, kwa chafya zilizosikika mtaa mzima. Rula nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta ikakauka, nikaisugua kwa sweta ya sufi aliyokuja nayo mjomba kutoka Uingereza, ambayo Pemba hakuna aliyewahi kuivaa. Pilipili ikaruka kama viroboto!

Kazi yote iko kwenye kushika rula. Ukiishusha mno, chumvi nayo hupanda, maana hata kisicho na chaji huvutwa: rula yenye chaji hasi huzisukuma elektroni za chembe (vijichembe vidogo mno vyenye chaji hasi) zisogee kidogo upande wa mbali, upande wa karibu ukabaki chanya, na ulio karibu ndio unaovutwa zaidi. Pilipili kwa wepesi wake hutangulia. Si bure Waarabu huuita umeme kahraba, neno la Kiajemi lenye maana ya mwizi wa majani makavu.

Mie nilitandaza pembamba, nikaanzia juu, nikashuka polepole, nikafuta rula, nikasugua upya. Sijui mara ngapi. Msiiname sana: chembe nyengine zikishagusa rula hupata chaji ileile, zikarushwa. Moja iliniingia jichoni.

Magharibi nikampelekea mama kopo. Akachota kidogo, akaonja.

"Nyeupe," akasema. "Mbona inawasha?"