Nilivyozoea mkato na nukta za Wahispania

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na marumaru zetu nyingi zinatoka Castellón, Hispania. Kule mkato unashika desimali na nukta inatenga maelfu. Sisi tukiandika 1,198.08, wao wanaandika 1.198,08. Namba kama hiyo hainisumbui. Ikiwa na alama zote mbili, ile ya kulia kabisa ndiyo ya desimali. Hata 46,08 haimdanganyi mtu, maana mkato wa maelfu lazima ufuatwe na tarakimu tatu.

Taabu inaanza desimali zikiwa tatu, na kiwanda tunachonunua kwake kinazipenda kweli. Proforma, yaani ankara ya awali, inasema boksi moja lina 1,440 m², uzito 30,240 kg, bei 7,850 € kwa mita ya mraba. Ukiisoma Kidaresalaamu, boksi la marumaru nne lina tani thelathini! Kwenye boksi utacheka. Ukifika kwenye uzito wa paleti (jukwaa linalopangiwa maboksi), 967,680 kg, huenda usicheke tena, kwa sababu katika safu ndefu ya namba jicho linapita tu.

Kwa hiyo sihukumu kwa kuitazama alama. Naiacha hesabu iseme. Marumaru ya sentimita 60 kwa 60 ina mita za mraba 0.36, nne zinakuwa 1.44. Hapo nimeshajua mkato wa karatasi hii ni desimali. Naendelea: boksi 32 kwa paleti ni 46.08, paleti 26 ni 1,198.08. Nikizidisha kwa 7.85 napata euro 9,404.93, na chini ya proforma pameandikwa 9.404,93 €. Pesa zikikubaliana, uzito nao nauzidisha vivyo hivyo mpaka nifike kilo 25,159.68 za kontena zima. Kitu kisipolingana, naandika barua pepe Castellón kabla wakala wa forodha hajaona chochote.

Kompyuta ilitaka utaratibu wake. Excel yetu inafuata Kiingereza. Ukibandika 1.198,08 inaiacha kama maandishi, imeegemea kushoto, na jumla inairuka. Afadhali hiyo, utaiona. Ya kuogopwa ni 30,240: inapokelewa kimya kimya kuwa elfu thelathini mia mbili arobaini, inakaa kulia kwa adabu zake zote. Sasa seli nazipangia kwanza kuwa za maandishi, nabandika, halafu kwenye safu ya pembeni naweka =NUMBERVALUE(B2,",","."). Alama ya kwanza ndani ya mabano ni ya desimali, ya pili ya maelfu. Wakituma faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zake zimetenganishwa kwa nuktamkato (;), kwani mkato umeshachukuliwa na desimali. Hilo silifungui kwa kubofya mara mbili. Naliingiza kupitia menyu ya Data.

Wateja wetu wa Bujumbura na Lubumbashi wananishangaa ninavyohangaika. Wao wamesoma Kifaransa, mkato wa desimali wameukuta shuleni, na karatasi za Castellón wanazisoma kama gazeti.

Nisingependa mtu aondoke akidhani kila Kihispania ni hivyo. Rafiki yangu anauza maparachichi ya Njombe na hufuatilia bei za Meksiko, wakulima wakubwa wa tunda hilo. Aliniletea ripoti ya Kihispania nimsomee, na namba zake zilikuwa kama zetu kabisa, mkato kwa maelfu na nukta kwa desimali. Meksiko na nchi nyingi za Amerika ya Kati wanaandika hivyo, wakati Ajentina, Chile na Kolombia wako upande wa Hispania. Kwa hiyo nauliza nchi kwanza, lugha baadaye. Real Academia Española wenyewe, yaani chombo cha Hispania kinachosimamia lugha ya Kihispania, katika kanuni za tahajia za 2010, wanashauri maelfu yatengwe kwa nafasi wazi na desimali ipewe nukta, ingawa mkato nao wanaukubali. Kiwanda chetu ni kama hakijausikia ushauri huo.

Oda zinazotoka kwangu naziandika 1198 m², tarakimu nne bila alama yoyote. Zikizidi nne naweka nafasi, 25 160 kg. Bei naipa desimali mbili tu, na jumla ya malipo naiandika kwa maneno pia. Bosi anaona maneno hayo yanakula karatasi bure, lakini hajaniambia niyaache. Mhasibu wa Castellón naye ameanza kunijibu kwa mtindo huohuo kwenye bei. Kwenye uzito amegoma, desimali zake tatu haachi.