Usiku wa Majina Tisa

Ujumbe wa msajili, kampuni inayonikodishia majina ya tovuti, uliniingilia wiki ileile niliyokuwa nahesabu akiba iliyobaki baada ya kazi kuisha. Kikoa kimoja, yaani jina la anwani ya tovuti, kilikuwa kimekata malipo ya mwaka kwenye kadi yangu, na vingine vinane vilikuwa vikisubiri zamu.

Usiku huo nikafungua orodha nzima. Kati ya majina tisa, mawili tu ndiyo yalikuwa na tovuti. Mengine yalikuwa mipango: duka ambalo halikufunguliwa, jarida ambalo mimi na dada yangu tulilitungia jina kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nayalipia mwaka baada ya mwaka kwa sababu kuliachia jina nilikuona sawa na kukiri kwamba mpango umekufa. Na hayakuwa hata mali yangu. Jina la kikoa hukodishwa, hata la .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo.

Nikaanza kuzima malipo ya kujirudia, moja baada ya jingine. La sita likanizuia. Tovuti yake niliifuta zamani, lakini anwani ya barua pepe niliyofungulia akaunti ya benki ilikuwa ya jina hilohilo. Mwili ulinisisimka. Ningeliachia, yeyote ambaye angelisajili baada yangu angeweza kuunda anwani ileile, akaomba nenosiri jipya, na kiungo kikamfikia yeye. Hilo nikalilipia palepale, pesa ya kubana na yote, kisha nikatumia miezi kuhamisha akaunti zangu kwenye anwani nyingine.

La jarida ndilo lililoniuma. Jina la .com likifutwa, mwenyewe bado ana siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Mara mbili ndani ya siku hizo nilifika kwenye ukurasa wa malipo. Mara zote mbili nikaufunga, maana pesa ile ilikuwa kodi ya nyumba. Zikafuata siku 5 ambazo hakuna awezaye kufanya lolote, ndipo jina likaachiwa.

Nilipolitafuta, lilikuwa wazi. Hakuna aliyelichukua.

Nikampigia dada kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye alidhani nililiachia miaka mingi iliyopita.