Kebo moja kati ya kompyuta mbili: namna nilivyoipatanisha sebule na aneksi

Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tuna kompyuta mbili za kazi. Ya mezani ni ya zamani, bado ina Windows 7, na inakaa sebuleni. Mimi nina laptopu ya Windows 10 katika aneksi, nyuma ya parseli, yaani kiwanja chetu, na huko ndiko ninakohariri video za harusi. Mdogo wangu anamwaga kadi za kamera kwenye ile ya mezani, anapanga faili kwa majina, kisha mimi nakata na kuunganisha. Tatizo letu lilikuwa njia ya kupita kutoka sebuleni hadi aneksi.

Flashi ilitutesa. Nyingi zinauzwa zikiwa katika mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja kubwa kuliko gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ina nafasi tele. Ibada ya ndoa iliyorekodiwa bila kukata inapita hapo kwa urahisi. Kupitisha mzigo kama huo kwenye intaneti, kwa bei ya mega, sikufikiria hata kidogo. Nikaamua kuvuta kebo ya mtandao kutoka mashine moja hadi nyingine, bila kifaa chochote katikati.

Nilinunua mita 25 za kebo, na fundi wa dukani akabana vichwa vya pande zote mbili. Tulipochomeka, taa ya kwenye tundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mdogo wangu akaniita kutoka sebuleni (kwetu “yaya” ni ndugu mkubwa): “Yaya, iko inawaka, iko inazimika!” Nikamwambia asiguse kitu chochote kwenye mipangilio. Msimamo wangu ni huo mpaka leo: taa isipotulia, hakuna sababu ya kufungua dirisha lolote la Windows, kwa sababu huko utavuruga vitu vizima huku ugonjwa uko kwenye waya.

Watu walinishauri nitafute kebo iliyopishanishwa, ile ambayo nyaya za kutuma upande mmoja zinaangukia kwenye za kupokea upande wa pili. Ushauri huo ulikuwa wa lazima zamani, wakati kadi za mtandao, yaani sehemu ya kompyuta inayopokea kebo, hazikuwa na akili ya kujipanga. Kadi za gigabiti karibu zote zinatambua zenyewe waya gani ni wa nini na kujigeuza, na inatosha upande mmoja tu uwe na uwezo huo. Laptopu yangu inao. Kwa hiyo kebo ya kawaida ilipaswa kufanya kazi.

Nilirudi dukani. Fundi akaipima kebo kwa kipimo chake, taa zikapita moja hadi nane bila kuruka hata moja, akaniambia kebo ni nzima na kasoro iko kwenye kompyuta. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kipimo kile ndicho kilichomwonyesha. Lakini kinauliza swali moja tu: je, waya namba moja wa huku unafika kwenye namba moja ya kule? Hakiulizi ni waya upi umesokotwa na upi.

Nilikipeleka kichwa dirishani, nikasoma rangi kupitia plastiki. Zilikuwa zimepangwa vizuri machoni: nyeupe-chungwa na chungwa, nyeupe-kijani na kijani, nyeupe-buluu na buluu, nyeupe-kahawia na kahawia. Kila jozi kando ya mwenzake, na hapo ndipo ubaya ulipo. Katika tundu la mtandao, jozi ya pili inayobeba data haikai namba 3 na 4, inakaa namba 3 na 6. Kwa mpangilio ule, namba 3 ilikuwa nyeupe-kijani na namba 6 ilikuwa buluu, nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja ndani ya kebo. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine. Ukiutenganisha, kwenye kipande kifupi sana mambo yanaweza kwenda, lakini kwenye mita 25 data inachafuka na kadi zinakatana kila mara.

Niliazima koleo la kubania, nikakata vichwa vyote viwili na kupanga upya, pande zote sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia jinsi jozi ya kijani inavyoikumbatia ile ya buluu katikati. Msokoto niliufungua kidogo tu, kiasi cha kuingiza nyaya kwenye kichwa. Taa ikatulia. Kwenye dirisha la hali ya muunganisho, mbele ya neno “Vitesse”, yaani kasi (Windows zetu ni za Kifaransa), pakaandikwa 1,0 Gbits/s. Kama kwako kadi zote mbili ni za gigabiti lakini unasoma 100,0 Mbits/s, shuku nyaya namba 4, 5, 7 na 8. Gigabiti inazitaka zote nane, wakati kasi ya 100 inaridhika na nne. Tofauti yake ni kubwa: kasi ya 100 ni sehemu ya kumi ya gigabiti, na kwa kasi hiyo gigabaiti 60 ni kama saa moja na nusu.

Baada ya waya zinakuja namba. Mashine mbili zikiunganishwa moja kwa moja hakuna wa kuzigawia anwani, kwa hiyo Windows inajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Hiyo si dalili ya uharibifu, na mawasiliano yanaweza kupita hapo. Mimi napenda namba isiyobadilika, ili njia ya folda ibaki ile ile kesho. Ya mezani nimeipa 192.168.10.1, laptopu 192.168.10.2, zote na 255.255.255.0 kwenye “Masque de sous-réseau”, na sehemu ya “Passerelle”, yaani lango la kutokea, nimeiacha tupu. Namba ya tatu, hiyo 10, niliichagua ili isigongane na simu. Ukipokea intaneti kutoka kwenye simu, laptopu inapata anwani ya familia nyingine, yaani yenye namba tatu za mwanzo tofauti, na familia mbili zikifanana Windows haijui ipitie wapi.

Kisha ping, amri inayoita mashine nyingine na kungoja iitike. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nilianza kuijaribu kutoka laptopu wakati mdogo wangu bado anaandika namba upande wake, ikatoka hivi: “Réponse de 192.168.10.2 : Impossible de joindre l'hôte de destination”, yaani jibu kutoka 192.168.10.2: mashine unayoiita haifikiki. Mtu akiona neno “Réponse”, na chini yake hesabu inayosema perte 0%, yaani hakuna kilichopotea, anadhani amejibiwa. Soma anwani: 192.168.10.2 ni laptopu yenyewe. Inakujulisha kwamba iliita na hakuna aliyeitika kwenye waya. Ukiiona hiyo, rudi kwenye kebo au kwenye namba.

Mdogo wangu alipomaliza, maneno yakabadilika: “Délai d'attente de la demande dépassé”, yaani muda wa kungoja jibu umepita. Yeye aliona ni kushindwa kule kule. Mimi nilifurahi. Niliandika arp -a, amri inayoorodhesha mashine zilizojitambulisha kwenye waya, na mbele ya 192.168.10.1 ikatokea anwani halisi ya kadi ya mashine ya sebuleni. Maana yake sebule ilisikia na ikajitambulisha, ila ulinzi wake, yaani pare-feu, umekataa kujibu ping. Waya ni mzima, namba ni sahihi, kilichobaki ni ruhusa.

Sababu ya ulinzi kukaza hivyo ni kwamba mtandao wa kebo tupu hauna lango la kutokea, basi Windows inauita “Réseau non identifié”, mtandao usiotambuliwa, na kuuhesabu kama mtandao wa mahali pa umma. Usizime pare-feu yote. Kwenye Windows 7 nilifungua orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita, nikatafuta “Partage de fichiers et d'imprimantes” (kushirikisha faili na printa), nikaweka alama kwenye safu ya “Public”. Upande wenye folda ndio pekee unaohitaji kufunguliwa, na ile ya sebuleni haiendi kwenye intaneti hata siku moja. Kama yako inaenda, iondoe alama hiyo ukimaliza kunakili. Ping ikajibu papo hapo, mara hii kutoka 192.168.10.1.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa nywila. Akaunti ya sebuleni haikuwa na nywila kabisa, na Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kupitia mtandao, hata ukiandika jina sawasawa. Tuliiwekea nywila, nikaandika \\192.168.10.1 kwenye laptopu, folda ya Video ikafunguka.

Kwa kunakili situmii kuvuta na kuachia. Umeme hapa unakatika bila kubisha hodi. Laptopu inabaki na betri yake, ya mezani inalala katikati ya faili. Natumia robocopy, amri ya kunakili ambayo imo ndani ya Windows tayari:

robocopy \\192.168.10.1\Video D:\Video /E /Z /R:3 /W:5

/E inachukua folda zote za ndani. /Z inaiwezesha faili iliyokatika kuendelea pale ilipoishia. Umeme ukirudi, natoa amri ile ile, na zilizokwisha kufika inaziruka. /R (idadi ya kujaribu tena) na /W (sekunde za kungoja) usiziache, kwa sababu bila hizo inajaribu faili iliyogoma mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Zima pia usingizi wa laptopu kabla ya kuanza.

Jambo moja bado linanipa wasiwasi: kebo yetu inapita nje, kati ya nyumba mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi radi za huku si mchezo, na waya wa shaba uliotandazwa hewani unaweza kupokea mshtuko na kuunguza kadi za pande zote mbili, hata kama radi imepiga mbali kidogo. Mawingu yakianza kufunga, tunachomoa huku na kule, hata kama robocopy bado inaendelea.