Siku moja maishani mwangu: mashine inayoruka nafasi

Saa 1:30 asubuhi ninafungua karakana yangu, chumba kimoja chembamba Kariakoo, upande wa Gerezani, na kabla hata ya kuwasha feni ninaondoa kitambaa kilichofunika mashine niliyopokea jana jioni. Ni Olympia SM9, taipureta ya kubeba mkononi iliyoundwa Wilhelmshaven, Ujerumani Magharibi, ya toleo lililoingia sokoni miaka ya 1960. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa karani wa mahakama, na barua zake zote bado anazipiga kwa mashine hii. Malalamiko yake ni mawili: kigari, yaani sehemu inayobeba karatasi na kusogea kila herufi inapopigwa, kinaruka nafasi, kiasi kwamba neno “habari” linatoka “ha bari”, na karatasi inaingia upande. Fundi mwingine alikwisha kumwambia kwamba gurudumu la meno limelika na mashine ni ya kutupa. Hukumu ya namna hiyo huwa siipokei kabla ya kufungua skrubu.

Saa 2 ninapiga mistari mitatu kwanza, kwa sababu mashine ikishafunguliwa haisemi tena ugonjwa wake vizuri. Kigari kinaruka mara nne katika mstari mmoja. Nikikizuia kidogo kwa kidole kisikimbie, kuruka kunapungua, nami napata fununu ya mahali pa kutazama. Ninaona pia jambo ambalo mzee hakulitaja: kibao cha nafasi, kile kirefu cha kutenganisha maneno, kinashuka kwa uzito, kama kinachokwaruza kitu chini.

Ninapovua ganda, sababu ya kibao hicho inaonekana mara moja. Kiunzi cha mashine hii hakikai moja kwa moja juu ya ganda, bali hukalia vipande vya mpira ambavyo kwa miongo ya kubebeshwa uzito hukauka na kubonyea. Hivi vya mzee vimebaki vyembamba kama sarafu, na mitambo yote imeshuka hadi viungo vya chini vinagusa bati. Chuma cha taipureta hizi hakichoki upesi. Mpira ndio unaotangulia kufa, na mafundi wengi huhangaika na chuma.

Hadi saa 4 ninasafisha. Kitako chenye mifereji, ambamo vinyundo vya herufi vimesimama, ninakisugua kwa mswaki na spiriti nyeupe mpaka kila kinyundo kirudi chenyewe. Mafuta hapo siweki hata tone, kwani hunasa vumbi na baada ya miezi michache huwa gundi. Inanifurahisha kila mara kuona jinsi Kiswahili kinavyoacha alama ndani ya mashine: kinyundo cha “a” kimechakaa na kulegea kuliko vyote, ilhali “q” na “x” vinang’aa kana kwamba vimetoka kiwandani juzi.

Chai na chapati, kisha kazi yenyewe.

Kigari huvutwa na springi iliyojikunja ndani ya pipa dogo, kupitia kamba. Kinachokizuia kisiende chote kwa mpigo ni gurudumu la meno na ndimi mbili, mmoja ukiwa umekazwa na mwingine ukicheza. Kila herufi inapopigwa, ndimi hupokezana jino moja, na kigari husogea nafasi moja, ambayo katika mashine hii yenye herufi 10 kwa inchi ni milimita 2.54. Kabla ya kugusa chochote ninaifungua kamba huku nimeshika pipa kwa mkono wa kushoto, nikihesabu mizunguko ninapolilegeza. Nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kuiachia, na kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo.

Kwa lenzi ya fundi saa ninatazama meno ya gurudumu, moja baada ya jingine, na yote ni mazima. Ubovu uko kwenye ulimi unaocheza: ukingo wake, ambao ungepaswa kuwa na kona kali, umeviringika na kung’aa, kwa hiyo jino likivutwa kwa nguvu linateleza juu yake. Ninapekua mzoga wa SM9 nyingine niliyoichinja zamani kwa ajili ya vipuri, lakini ulimi wake umeliwa na kutu. Basi ninaunoa huu huu juu ya jiwe laini, mipigo mitatu, nitazame, mipigo miwili, nitazame tena, kwa sababu chuma kikishaondoka hakirudi. Kazi ya kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele inanila hadi saa 7 na nusu.

Alasiri ni ya mpira. Vikalio vipya ninavikata kwa mpira mgumu na kuongeza pete za washa moja moja mpaka kiunzi kiinuke na kibao kiache kukwaruza. Rola ndogo zinazokaza karatasi zimebonyea ubavu mmoja, ndiyo maana karatasi ilikwenda upande. Ninakwangua mpira wa zamani, ninavika bomba jipya la kupitishia petroli nililonunua duka la vipuri vya pikipiki, kisha ninazungusha rola kwenye drili na kuisawazisha kwa msasa. Mbili za mstari mmoja lazima zilingane unene, la sivyo nitakuwa nimehamisha ugonjwa tu.

Saa 10 ninarudisha kamba na mizunguko ile ile niliyoihesabu. Mistari kumi, hakuna ulioruka. Herufi “a” bado inakaa chini kidogo, kwa hiyo ninainyoosha kwa koleo, nusu ya unywele, na ninaacha ilipofika kwa sababu kinyundo kikivunjika sina kingine.

Mzee anafika saa 11.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, fundi. Imepona?”

Ninamwekea karatasi. Anapiga anwani yake, anapiga tarehe, anarudisha kigari, na anaendelea hadi nusu ukurasa bila kuinua macho. Ninamwonyesha wenzo wa kulegeza karatasi na kumwomba aulegeze kila anapoihifadhi mashine, ili rola zisibonyee tena. Anaitikia “Haya, haya,” huku akiendelea kupiga, na nadhani hakunisikia, kwa hiyo wenzo huo ninaulegeza mwenyewe kabla ya kufunga kasha.