Klachi mbili, foleni ya Darajani na mlima wa Mkoani: nilivyoizoea gari yangu

Naandika hili kwa sababu nimechoka kusikia watu wenye otomatiki za klachi mbili wanaambiwa "gari hiyo iuze tu". Mimi niliambiwa vivyo hivyo na watu zaidi ya watano, na leo naingia mwaka wa pili naiendesha na giaboksi ni ile ile iliyokuja nayo.

Ni kigari kidogo cha Ulaya, otomatiki ya klachi mbili, gia 7. Nilikitoa bandarini Malindi, hapa Unguja, na furaha zangu zote. Njia ya Bububu asubuhi mapema raha tupu, gia zinapanda husikii kitu. Tabu ikaja siku ya kwanza ya foleni Darajani, sokoni mjini. Unasogea hatua mbili unasimama, hatua mbili unasimama, na kila ikitaka kuondoka inatetemeka mpaka kiti kinacheza, mke wangu ananiangalia tu. Nikiachia mafuta halafu nikayakanyaga tena, kimya, hakuna kitu, halafu ghafla inaruka mbele, nusura nimguse kijana wa vespa.

Fundi wa kwanza akasema tumwage haidroliki, yaani oili ya giaboksi, tutie mpya. Akaingia uvunguni, akatafuta kijiti cha kupimia hakukiona, na bado akataka nikanunue lita nne za haidroliki ya otomatiki za kawaida. Nikakataa. Wa pili akasema giaboksi imekufa, anayo nyengine, milioni tatu na kitu. Jirani yangu akanambia kila ukisimama weka N, gia huru. Hilo nikalifata mwezi mzima, mkono hautulii, na kila nikirudisha D gari inashtuka kidogo. Kumbe ukikanyaga breki sawasawa klachi inajiachia wenyewe, hiyo N ilikuwa kazi bure.

Nilipopata akili ni Pemba. Tulikuwa na harusi Chake, nikaipandisha gari melini. Mnaoijua Mkoani, bandari ya Pemba, mnajua, ukitoka bandarini tu unaanza kupanda, na meli ikifika magari yote yanatoka pamoja, watu na mizigo juu. Mbele yangu lori limejaa linakwenda kwa kuvuta pumzi. Mimi nikaona niwe mjanja, nisikanyage breki, naishikilia gari pale mlimani kwa mafuta tu, kidogo kidogo, isirudi nyuma wala isiende mbele. Dakika tano hivi za namna hiyo. Mara inaanza kutetemeka, harufu ikaingia ndani, harufu ya makumbi yanayoungua, na taa ya giaboksi ikawaka kwenye deshibodi. Nikajivuta pembeni nikazima. Mzee mmoja dereva wa gari ya abiria akaja dirishani.

"Mwanangu, gari ya klachi hii?"

"Hapana ami, otomatiki."

"Mbona inanuka klachi?"

Wallahi neno lile halikunitoka. Nikakaa chini ya mwembe kama dakika 40 gari inapoa, nafikiri. Ami yule pua yake tu ilijua kuliko mafundi wangu wote wa mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Otomatiki ya zamani, hizi Noah na IST zetu, baina ya injini na giaboksi ina kitu kinachozungusha oili, ukikaa mlimani unaisumbua oili tu. Hii yangu haina kitu hicho. Ina klachi kweli kweli, mbili, moja ya gia 1, 3, 5 na 7, nyengine ya 2, 4, 6 na rivasi, na anayezikanyaga ni kompyuta. Ukisogea polepole mno inabidi ashike nusu klachi, na nusu klachi ni kusuguana na kupata moto. Na ile kukaa kimya halafu kuruka ghafla Darajani ni kwamba kompyuta inaitayarisha gia inayofuata kabla, inakisia. Ukiachia mafuta imeshajitayarishia hivi, ukikanyaga tena inabidi igeuze.

Niliporudi Unguja nikaenda uwanja wa Maisara Jumapili alfajiri, hapana mtu. Nikachukua chupa ya maji nusu nikaiegesha pale mbele naiona. Naondoka, naangalia maji. Nikiachia breki nusu nusu, maji yanacheza. Nikiachia breki yote mara moja nikaingoja ishike wenyewe, kisha ndio mafuta kidogo, maji yanatikisika mara moja yanatulia. Nikafanya mara ishirini, thalathini, jua likatoka. Nikaona kwa gari yangu ikishafika kama kilomita 8 kwa saa klachi imeshashika yote, hapo hapana tetemeko tena. Basi kazi ni kuipita ile sehemu haraka, usikae ndani yake.

Ndio sasa Darajani simfati wa mbele mguu kwa mguu. Nasimama nimekanyaga breki kweli, nangoja nafasi ya gari moja na zaidi, naondoka mara moja. Vespa zitaingia mbele, ziache ziingie. Foleni ikiwa inatambaa naweka ile M, ya kuchagua gia mwenyewe, ibakie gia ya 1, isihangaike baina ya 1 na 2. Mlimani hendibreki, hata sekunde kumi. Kupanda kwa rivasi getini kwangu pia, siivuti inchi kwa inchi, najipanga nje kwanza nainyoosha naingia mara moja.

Halafu nikapata kijana mwenye kompyuta akazifundisha upya klachi mahali zinaposhikia, laki na ushei, nikaona tofauti siku ile ile.

Na kama unaagiza gari ya namna hii, uliza klachi zake kavu au za kwenye oili. Volkswagen walipoianza giaboksi ya klachi mbili kwenye Golf R32 mwaka 2003 ilikuwa gia 6, klachi ndani ya oili, na ile oili yake maalumu inabadilishwa kila kilomita 60,000. Ya gia 7 kavu ikaja 2008. Yangu kavu, na haidroliki ile ya yule fundi haikuwa yake.

Mwezi uliopita nimerudi Mkoani, lori mbele yangu tena. Nikavuta hendibreki nikaliacha lipande mpaka kwenye kona, ndio nikaondoka. Nyuma wakapiga honi, na mimi nikapanda bila ya harufu.