Pampu ya majitaka Mbezi Beach: bamvua, chumvi na kiungo kimoja cha bomba

Katika bamvua lililopita, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, pampu ya majitaka ya nyumbani kwetu ilikaa kimya usiku kucha, na asubuhi mita ya kuhesabu saa za pampu kufanya kazi niliyoifunga kwenye kisanduku cha umeme ilionesha namba ile ile niliyoiandika kabla ya kulala. Kwa mtu aliyezoea kuisikia pampu hiyo ikiwaka kila baada ya dakika 40 huku nyumba nzima imelala na mabomba yote yamefungwa, jambo hili ni kubwa. Ninaliandika kwa kirefu kwa sababu nyumba nyingi za ukanda wetu, kuanzia Msasani hadi Ununio na ng'ambo ya pili Kigamboni, zina ugonjwa wa namna hii, na wenye nyumba huishia kuuziwa pampu mpya ambayo nayo huanza kuwaka ovyo.

Mpangilio wetu ni wa kawaida kwa viwanja vya upande wa baharini. Maji yanayofurika kutoka kwenye karo, yaani tangi la majitaka la ardhini, huingia kwa bomba la inchi 4 katika chemba ya pampu yenye upana wa mita 1 kwa mita 1, na pampu ya kuzamisha ya kilowati 0.75 huyapandisha hadi kwenye shimo la kupotezea maji lililojengwa juu ya tuta upande wa barabarani, kwa kuwa kwetu maji ya ardhini hupatikana ukichimba hata kabla ya kufika mita 1 na shimo la kawaida lisingepoteza chochote. Boya huwasha pampu maji yakifika sentimita 40 na kuizima yakishuka hadi sentimita 20, kwa hiyo kila inapowaka huondoa takriban lita 200.

Kila anayeshughulika na pampu hizi huanza na chekivalvu, ile valvu inayozuia maji yaliyopandishwa yasirudi, na boya, na ni sawa kuanza hapo. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji umeme. Funga maji ya nyumba nzima, fungua mfuniko wa chemba, acha pampu ijizime yenyewe, kisha chora mstari wa chaki ukutani usawa wa maji. Maji yakiruka juu mara moja na kutulia, hayo ni ya bomba la kupandishia yanayorudi kwa sababu chekivalvu haikai sawasawa. Yakipanda taratibu bila kusita, kuna mahali pengine yanapoingilia. Yangu hayakuruka hata kidogo. Yalipanda sentimita 1 kila dakika 2, na kwa chemba ya ukubwa huu hiyo ni lita 10 kila dakika 2, yaani lita 300 kwa saa ambazo hakuna binadamu aliyezitumia. Fundi aliyekuwa nami aliitazama pampu akasema, "Bosi, hii imechoka, tufunge nyingine tu." Nilimjibu, "Fundi, pampu inafanya kazi yake. Haya maji yanatoka wapi?"

Kilichonichosha zaidi ni kwamba tatizo lilikuja na kuondoka. Kwa usiku kadhaa mfululizo pampu iliwaka mno, kisha ikatulia karibu wiki nzima, kisha ikaanza tena. Katika vipindi vya utulivu chekivalvu ilipimwa na kuonekana nzima, boya likaonekana zima, na kila aliyeitwa aliondoka akidhani kwamba alichokigusa ndicho kilichoponya. Hali hii inakera kuliko pampu iliyoungua kabisa, maana iliyoungua angalau unajua imeungua.

Nilifunga mita ya saa na kihesabio cha kuwaka, vile vidogo vinavyotumika kwenye jenereta, nikaanza kuandika kwenye daftari kila usiku na kila alfajiri. Wapo wanaopendelea vifaa vinavyotuma taarifa kwenye simu. Sivipendi kwa kazi hii, kwa kuwa hutegemea intaneti na umeme wa nyumbani, na vyote viwili vinaweza kukatika katika saa unayoihitaji taarifa. Daftari lilinionesha kitu ambacho simu ingekificha ndani ya wastani wa siku: kilele cha pampu kuwaka kilikuwa kikisogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Watu hawasogezi saa zao za kuoga na kufua kwa dakika 50 kila siku. Kinachosogea hivyo ni bahari.

Maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na hapa Dar es Salaam tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3 wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kisha hupungua hadi kama mita 1 wakati wa maji mafu. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Nilipoweka daftari langu kando ya jedwali la kujaa na kupwa, kilele cha pampu kilifuata kila mara baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa msukumo wa bahari huchukua muda kupita kwenye mchanga kabla ya kuinua maji ya ardhini katika kiwanja kilicho mita 200 kutoka ufukweni. Mchana hali hii ilifunikwa na matumizi ya nyumbani, na wakati wa masika ilifunikwa na mvua. Ni katika kipupwe, mvua zikiwa zimekatika, ndipo ilipojitokeza waziwazi.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa chumvi. Nilichota maji ya chemba kwa kopo lililofungwa kamba na kuyapima kwa kalamu ya kupimia chumvi, ile ile wanayotumia wauzaji wa maji ya visima. Wakati wa maji mafu ilisoma chini ya miligramu 1,000 kwa lita. Alfajiri ya bamvua ilipita 6,000. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na maji ya kuogea na kusafishia choo hayawezi kabisa kuifikisha chemba hapo.

Chumvi hiyo ilinieleza pia maradhi mengine ambayo nilikuwa nikiyatibu moja moja. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, karibu gramu 2.7 kwa lita, na bakteria wanaoishi bila hewa ndani ya majitaka huigeuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo hupanda hadi kwenye kisanduku cha umeme na kuyafanya meusi maungio ya shaba ya kontakta, swichi inayoiwasha pampu; kwenye zege lililo juu ya usawa wa maji hugeuzwa kuwa asidi, na ndiyo maana ukuta wa chemba yangu ulikuwa umebaki laini kiasi cha kukwaruzika kwa bisibisi. Narudia kwa uzito wote: gesi hii huua, na ikizidi huifisha pua usiinuse tena. Hakuna mtu anayeingia ndani ya chemba au karo kwangu, hata kwa dakika moja, hata mfuniko ukiwa umeachwa wazi tangu asubuhi.

Kwa hiyo kiungo kilichokuwa kikiingiza maji ya ardhini ilibidi kitafutwe kutoka nje. Tulichimba pembeni ya chemba pale bomba la kuingizia linapopenya ukuta, tukizuia mchanga kwa mbao, na tukafanya hivyo katika siku ile ile ya bamvua, kuanzia saa nne asubuhi. Bamvua linalojaza sana ndilo pia linalopwa sana, na kufikia saa sita mchana maji ya ardhini yalikuwa yameshuka chini ya bomba. Tulipotoa udongo wa mwisho kwa mkono tuliona mwanya wa upana wa shilingi kuzunguka nusu ya bomba, kuta zake zimesafishwa na maji hadi zinang'aa. Saruji haishiki plastiki laini. Fundi aliyejenga alipiga lipu kuzunguka bomba, ikapendeza, kisha kila bamvua likaichokonoa.

Tulibandua lipu yote ya zamani. Bomba tulilikwaruza kwa tupa hadi mng'ao ukaisha, tukalipaka gundi ya mabomba kwa wingi na, kabla haijakauka, tukalirushia mchanga mkavu wa chengachenga kwa kiganja pande zote, hadi likawa na ngozi kama ya msasa mzito. Ngozi hiyo ndiyo saruji inayoishika. Katikati ya unene wa ukuta tulifunga pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi na kuibana kwa klipu, ili maji yakipita safu moja yakutane na kizuizi kingine, kisha tukajaza saruji inayoganda haraka, tukiibonyeza kwa vidole vilivyovaa glovu. Saruji hiyo huanza kukaza ndani ya dakika chache, kwa hiyo huchanganywa kidogo kidogo kwenye kopo, kamwe si kwenye ndoo.

Kuhusu vipimo vya umeme, ninayo maoni thabiti. Klampi mita, inayopima ampea kwa kuubana waya, ni nzuri kwa kujua kama impela, ile feni inayosukuma maji, imekwama au kapasita imechoka, lakini katika nyumba za pwani kifaa cha lazima ni mega ya volti 500, inayopima kama insulesheni ya nyaya bado inazuia umeme usivuje. Insulesheni ya mota yangu ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya megaomu 100 hadi chini ya 3, wakati ampea zilionekana za kawaida kabisa. Chanzo kilikuwa kiungo cha kebo kilichofanyiwa ndani ya chemba: maji ya chumvi yaliingia kwenye nyuzi za shaba na kutambaa ndani ya kebo kuelekea kwenye mota. Nimeweka kebo moja isiyo na kiungo hadi nje ya chemba, pamoja na breka ya miliampea 30 ya kukata umeme unaovuja, na mota imepanda tena hadi megaomu 40 baada ya kukaushwa.

Mpango ulikuwa kuendelea na pampu ya pili ya kupokezana, lakini nimeuweka kando kwa ajili ya wazo la zinki. Bolti za stenlesi kwenye mwili wa chuma cha kusubu zinakula chuma kinachozizunguka, na wenye boti hulinda vyuma vyao kwa kufunga kipande cha zinki kinacholiwa badala yake. Nimenunua kimoja Msasani. Swali linalonikosesha usingizi ni kwamba sasa chemba haina chumvi nyingi, na zinki hufanya kazi vizuri zaidi kwenye maji ya bahari. Kwa maji ya chumvi kiasi aluminiamu huenda ikafaa zaidi. Nitapima uzito wa kipande kila maji mafu na kuuandika. Bolti nazo nitabadili kwa daraja la 316, lenye molibdenamu ya kukinza kloridi, badala ya 304 zilizokuja na pampu.

Masika yakija, mvua itainua maji ya ardhini hata siku za maji mafu. Chemba ikianza kujaa tena usiku na kalamu ikasoma chini ya 1,000, nitaacha kiungo hiki na kwenda kuchimba upande wa karo, kwenye mifuniko na viungo vya juu ambavyo bahari haivifikii.